Nyumba Yenye Watoto Isiyolemewa na Vitu: Mwongozo Kamili wa Kupunguza na Kupanga

Nyumba yenye watoto haiwezi kukaa kama picha ya kalenda, na anayeitafuta hali hiyo atagombana na kila mtu bure. Kipimo chenye maana ni kingine: jioni, nyumba ikiwa imevurugwa na michezo, mapishi na madaftari, inachukua muda gani kurudi katika hali yake? Ikiwa mkishirikiana inachukua dakika kumi na tano au ishirini, nyumba hiyo imepangika, hata kama mgeni aliyeingia saa moja kabla alikanyaga mdoli. Ikiwa inahitaji Jumamosi nzima, basi ama vitu vimezidi nafasi iliyopo, ama havina mahali pake. Mara nyingi ni yote mawili. Ndiyo maana hapa tunaanza na kupunguza, kupanga kunafuata. Ukigeuza mfuatano huo utakuwa umepanga takataka vizuri.

Na uchovu unaoletwa na mrundikano si deko. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wanandoa 60 wenye watoto huko Los Angeles, wote wakiwa wameajiriwa. Kila mmoja alizunguka nyumba yake na kamera akiielezea. Wanawake walioizungumzia nyumba yao kwa maneno ya vurugu na kazi zisizokwisha, kortisoli mwilini mwao, homoni inayohusiana na msongo, haikushuka vizuri kadiri siku ilivyosonga. Kwa waume zao jambo hilo halikujitokeza hivyo. Nalitaja kwa sababu katika nyumba nyingi anayelalamikia mrundikano huambiwa anazidisha.

Zunguka kwanza, usiguse kitu

Chukua simu, pita chumba hadi chumba kana kwamba umekuja kutafuta nyumba ya kupanga. Piga picha kila kona. Jicho la mwenyeji huzoea. Boksi lililokaa nyuma ya mlango tangu mhamie hulioni tena, lakini kwenye picha linajitokeza lenyewe.

Andika sehemu ambazo vitu hujikusanya: kiti cha chumbani chenye nguo ambazo si chafu wala si safi, pembe ya meza ya kulia, juu ya friji, sakafu ya karibu na mlango wa mbele. Usizichukie sehemu hizi. Zinakuonyesha vitu hutua wapi watu wanapokuwa na haraka, na hapo ndipo panapohitaji kulabu, kapu au rafu. Kama mabegi ya shule hutupwa mlangoni kila siku, kulabu iliyoko chumbani haina kazi. Ihamishie mlangoni, kwenye kimo ambacho mtoto anakifikia bila kuomba msaada.

Kisha amua pa kuanzia. Wengi huanza na stoo kwa kuwa ndiyo inayotisha, na wengi hukwama hukohuko. Stoo haimsumbui mtu asubuhi. Anza na mahali panapoguswa kila siku na pasipo na hisia: bafuni, kisha jikoni. Hakuna anayelia kwa ajili ya chupa tupu ya shampuu. Picha, barua na vitu vya marehemu viache mwisho kabisa, ukiwa umeshazoea kuamua.

Maandalizi, na kitu kimoja cha kutonunua

Usinunue makontena ya kupangia. Najua ni jambo tamu. Mtu akiamua kubadilika hutaka kuanza na kitu kipya. Lakini hujajua kitakachobaki ni nini, kina ukubwa gani, wala kitakaa wapi, na kontena tupu ndani ya nyumba iliyojaa ni kikorokoro kingine tu. Subiri.

Unachohitaji ni maboksi au mifuko mikubwa minne, kalamu ya wino mzito na utepe wa gundi. Boksi la kwanza ni la kutupa. La pili ni la kutoa, iwe kwa kugawa au kuuza. La tatu ni la vitu vya chumba kingine. La nne ni la wasiwasi, yaani vile ambavyo moyo unakataa kuamua leo. Vinavyobaki havihitaji boksi. Vinarudi mahali pake.

Boksi la chumba kingine lina sharti: usilibebe huku na huko katikati ya kazi. Ukienda kurudisha mkasi chumbani utakuta nguo hazijakunjwa, utaanza kuzikunja, na jikoni patabaki hivyohivyo hadi usiku. Zungusha boksi hilo mara moja tu, mwishoni. Boksi la wasiwasi nalo liwe moja kwa nyumba nzima. Likijaa lifunge kwa utepe, andika tarehe na orodha fupi ya yaliyomo, weka kikumbusho kwenye simu miezi sita mbele. Mali bila daftari hupotea bila habari, na boksi lisiloandikwa ni mfano wake.

Kabla hujafungua kabati lolote, jua vitakavyotoka vinakwenda wapi na siku gani. Anayepokea nguo amekubali? Gari la taka linapita lini? Mifuko ya kugawa iliyokaa sebuleni miezi miwili hufunguliwa na watoto, na vilivyomo hurudi kabatini kimyakimya.

La mwisho ni muda. Usimwage chini kitu ambacho huwezi kukirudisha kabla watoto hawajalala. Droo moja kwa dakika ishirini inatosha. Zile siku za kutoa kila kitu kitandani tangu asubuhi ni za watu wasio na mtoto atakayetaka kunyonya saa nane mchana.

Jinsi ya kuamua: tuchukue droo moja

Karibu kila nyumba ina droo ya vikorokoro. Ivute yote, itoe kabisa, mwaga vilivyomo juu ya kitambaa. Futa droo yenyewe kwanza. Ikiwa tupu na safi haitakualika urudishe kila kitu.

Sasa kusanya vya aina moja pamoja: betri na betri, kalamu na kalamu, nyaya na nyaya. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayorahisisha kazi. Mkasi mmoja mkononi mwako unaonekana wa lazima. Mikasi mitano ikilala pamoja, minne inajihukumu yenyewe. Jaribu kila kalamu kwenye karatasi. Chaja ambayo hakuna simu ya kuiingiza inaondoka. Funguo ambazo hakuna mtu nyumbani anayejua kufuli yake zifunge pamoja, andika tarehe, ziingie boksi la wasiwasi. Skrubu zilizotoka kwenye kitanda cha mtoto zitie kwenye kimfuko na uzibandike kwa utepe chini ya kitanda hichohicho.

Betri zitazame kwa makini. Zile ndogo za duara kama kifungo cha shati, zinazokaa kwenye rimoti, saa na midoli, ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo: akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza koromeo ndani ya saa mbili, hata ile iliyoonekana kuisha nguvu. Ziweke juu, kwenye kifungashio chake, na zilizotumika zibandike utepe wa gundi pande zote mbili kabla hujazitoa nyumbani. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali papo hapo, usingoje dalili. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuitupa na taka za kawaida, kwani inaweza kushika moto. Ipeleke wanakopokea taka za vifaa vya umeme.

Kwa kilichobaki, usijiulize kama kitu kinaweza kufaa siku moja. Kila kitu kinaweza kufaa siku moja. Jiulize kilitumika lini mara ya mwisho, na kama kikihitajika kesho baada ya kukitoa, utakipata kwa shida gani. Kitu cha kuazima kwa jirani ndani ya dakika tano hakina haja ya kukaa kwako miaka kumi.

Kuna sababu akili inang'ang'ania. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walieleza majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa, ingawa walivimiliki kwa dakika chache tu, walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kumiliki kwenyewe kunaongeza thamani machoni. Dawa yake ni kugeuza swali: kama hiki kisingekuwa changu, leo ningetoa pesa kukinunua? Na ikiwa kinachokuzuia ni gharama uliyolipa, kumbuka kwamba pesa hiyo ilitoka siku uliyonunua, haitarudi kwa kukifungia kabatini.

Wazee husema akiba haiozi. Kwa nafaka na fedha, sawa. Lakini raba hukakamaa, plastiki hupasuka, nguo huliwa na wadudu, na dawa hupitwa na tarehe zikiwa kwenye akiba hiyohiyo. Hata hivyo sikubaliani na ile kanuni ya kutupa chochote kisichotumika mwaka mzima. Sanduku la safari, godoro la wageni na kizimamoto vinaweza kukaa mwaka bila kuguswa, na siku vikihitajika hakuna mbadala. Kanuni hiyo itumie kwa vitu vya kila siku pekee.

Zawadi huwafunga watu zaidi. Aliyekupa alitaka ufurahi, hakukupa kazi ya kulinda. Kama kinakulemea, kipeleke kwa atakayekitumia, ila angalia asiwe shemeji wa aliyekupa.

Vitu vya wengine

Usitupe kitu cha mwenzako kwa siri. Hata kama hatakiulizia kamwe, siku atakapogundua, kila kitakachopotea nyumbani utashtakiwa wewe, na hatakubali tena kushiriki. Badala ya kubishana kuhusu kitu kimojamoja, kubalianeni nafasi: rafu hii ni yako, boksi hili ni lako, panga utakavyo ila visimwagike nje. Nafasi ikijaa, mwenye vitu mwenyewe ndiye anayechagua kipi kitoke. Mzazi mzee anayeishi nanyi naye hivyohivyo. Vitu vyake vingi vina historia usiyoijua, kaa naye akusimulie na umwache aamue kwa kasi yake.

Watoto wadogo wape uchaguzi wa vitu viwili, sio ishirini. "Lipi libaki, gari hili au lile?" ni swali analoweza kulijibu.

Jikoni

Jikoni pana vitu vingi vinavyofanana, kwa hiyo faida huonekana haraka. Anza na vyombo vyenye vifuniko: kaa chini, oanisha kila kimoja. Kisicho na mwenzake kinatoka, hata kama ni kizuri. Kisha vyakula vikavu: angalia tarehe, unganisha pakiti mbili za kitu kilekile zilizofunguliwa, cha zamani kikae mbele na kipya nyuma.

Sehemu ya kuanzia nyonga hadi mabega ni mali ghali. Hapo weka vinavyotumika kila siku tu. Sufuria nzito zikae chini, vya sherehe vikae juu. Chujio la mara moja kwa mwaka lisikae mbele ya kikombe cha kila asubuhi.

Chini ya sinki pana onyo moja. Katika kupunguza chupa, mtu hukuta dawa mbili za kusafishia zilizobaki kidogo na kuzimimina pamoja ili apate nafasi. Usifanye hivyo kamwe. Dawa ya klorini ya kutoa madoa ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, hata siki, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine za sumu. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha zinaweza kumlaza mtu hospitalini. Kila dawa ibaki kwenye chupa yake ya asili yenye maandishi, na isihamishiwe kwenye chupa ya soda au maji, kwa sababu mtoto anaijua chupa ya soda. Mafuta ya taa pia. Zote ziwe juu au kwenye kabati lenye komeo.

Dawa za binadamu

Hapa ni haraka tu. Zitoe bafuni na juu ya jiko, kwani joto na unyevu huziharibu. Zilizopitwa na muda zitenge, uliza duka la dawa kama wanazipokea, usizimwage chooni isipokuwa maelezo yake yanasema hivyo. Nusu dozi ya antibiotiki iliyobaki haiwekwi kwa ajili ya homa ijayo. Zinazobaki: kisanduku kimoja, juu, kimefungwa.

Nguo

Nguo za watoto ndizo huzidi kwa sababu mwili unakua na nguo haijui. Weka kapu chini ya kila kabati la mtoto. Nguo ikimbana siku ya kuvaa, inaingia kapuni palepale badala ya kurudi rafuni. Kapu likijaa linaondoka au linaingia boksi la mdogo wake. Boksi hilo liandike ukubwa wa nguo, usiandike umri. Watoto wa umri mmoja hawalingani. Na liwe boksi moja kwa kila ukubwa. Mtoto havai suruali kumi na nane.

Kwa watu wazima, tundika henga zote zikitazama upande mmoja. Kila nguo unayoivaa na kuirudisha, geuza henga yake. Baada ya miezi kadhaa kabati litakueleza lenyewe unavaa nini, na utashangaa jinsi orodha ilivyo fupi.

Kile kiti cha nguo zisizo chafu wala safi hakitaisha kwa maonyo. Kiondoe chumbani na weka kulabu tatu nne ukutani kwa kazi hiyohiyo. Soksi nazo: mnunulie kila mtoto za rangi moja, tofauti na za mwenzake. Kuoanisha kunakwisha kabisa, na soksi moja ikipotea, nyingine haibaki mjane.

Tatizo la nguo katika nyumba nyingi haliko kwenye kufua. Liko kati ya kamba na kabati. Kufua mzigo mdogo kila siku mbili na kuumaliza hadi rafuni ni nafuu kuliko mlima wa Jumapili unaolala kwenye kochi hadi Alhamisi. Anayeweza kusoma anaweza kurudisha zake mwenyewe. Kila mtu na beseni lake.

Za kuhifadhi muda mrefu ziwe safi na zimekauka kabisa, kwani jasho na madoa huvuta wadudu na unyevu huzaa ukungu. Usiziweke sakafuni wala kwenye katoni; mende hupenda mikunjo ya katoni na panya huitafuna. Boksi la plastiki lenye mfuniko linafaa. Zile tembe nyeupe za naftalini ni sumu: mtoto huzidhania peremende, na hata mvuke wake unaweza kuharibu chembe nyekundu za damu, hasa kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao wengi hawajui wanao. Katika nyumba yenye mtoto mchanga mimi naziondoa kabisa. Nguo zilizokaa nazo zifue na uzianike kwa muda wa kutosha kabla ya kumvisha mtoto.

Vichezeo

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto wadogo 36 wakicheza, mara wakiwa na vichezeo 4, mara 16. Penye vichache walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kwa namna nyingi zaidi. Huhitaji kuwanyang'anya kitu ili kupata faida hiyo. Gawa vichezeo mafungu matatu, moja liwe nje, mawili yafichwe, zungusha kila baada ya wiki chache. Fungu lililorudi hupokewa kana kwamba ni jipya.

Makapu yawe wazi, yakae chini, yawe machache. Kila mfuniko ni hatua moja zaidi, na mtoto wa miaka mitatu hukata tamaa kwenye hatua ya pili. Usimtake atenganishe magari makubwa na madogo; magari ni magari. Asiyejua kusoma mbandikie picha ya kilichomo.

Makabati marefu na stendi za televisheni zifungwe ukutani kwa vyuma au mikanda yake, kwa kuwa mtoto hupanda droo kama ngazi na kabati likamwangukia. Vizito viwe droo za chini. Na usifiche peremende wala rimoti juu ya kabati. Umempa sababu ya kupanda.

Karatasi

Karatasi huingia kila siku na hakuna anayezialika. Weka sehemu moja tu ya kutua, trei au bahasha kubwa karibu na mlango, na siku moja ya wiki ya kuimaliza. Barua ya shule inayotaka saini isainiwe ikiwa bado mkononi na irudi begini hapohapo.

Za kudumu maisha yote ni vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, vyeti vya elimu, hati za nyumba na ardhi, kumbukumbu za chanjo na matibabu makubwa, wosia. Hizi ziingie faili moja lisilopitisha maji, likae mahali ambapo zaidi ya mtu mzima mmoja anapajua, na piga picha za kila ukurasa ukazihifadhi mbali na nyumba. Siku ya moto au mafuriko unabeba faili hilo na watoto, basi.

Za kodi, mishahara na benki zina muda wake wa kisheria, na muda huo hutofautiana nchi na nchi. Uliza mamlaka husika, andika juu ya bahasha mwaka wa kuzitoa. Risiti nyingi za dukani huchapishwa kwa joto bila wino na maandishi yake hufifia, kwa hiyo ya kifaa chenye dhamana ipige picha siku uliyonunua. Karatasi yenye namba ya akaunti au kitambulisho ichane vipande kabla ya kutupa.

Michoro ya watoto: ibandike ukutani, ikijaa piga picha yote, na acha mwenyewe achague michache ya kuwekwa kwenye faili lake la mwaka. Andika tarehe nyuma. Hutakumbuka.

Sasa ndipo upange

Vilivyobaki vipe makazi. Kitu kikae karibu na kinapotumika, hata kama si "mahali pake" kwa mazoea: shuka za mtoto chumbani kwake, mkasi wa pili jikoni kama ndiko mnakofungulia pakiti. Mgeni akiuliza kitu kiko wapi, mtoto wa miaka saba aweze kumjibu. Bandika lebo, hasa kwenye kile ambacho wengine hukirudisha vibaya.

Kila rafu iache na nafasi, kama robo yake. Rafu iliyoshonwa hadi mwisho haipokei kitu, na kitu kisichopokelewa hurudi juu ya meza. Pima sasa, upana, kina na kimo, na kama bado unahitaji makontena kanunue kwa vipimo hivyo. Yanayoonyesha ndani ni bora kwa familia, lisiloonyesha husahauliwa. Wengi hukuta maboksi ya viatu yanatosha.

Kutoa vilivyotengwa

Kabla ya kupeleka, uliza kinachohitajika. Kutoa kilichovunjika ni kumhamishia mwingine kazi ya kutupa. Simu na kompyuta: hifadhi picha zako, jitoe kwenye akaunti zote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha kirudishe kifaa kwenye hali ya kiwandani.

Vifaa vya usalama vina sheria yake. Kofia ya baiskeli iliyowahi kugonga chini haigawiwi, hata kama haionyeshi ufa, na kiti cha mtoto cha gari kilichopitia ajali au kilichopitwa na tarehe yake hivyohivyo. Vitanda vya watoto ambavyo ubavu wake mmoja hushuka vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto wachanga; kama kipo stoo kwenu, kifungue vipande kiondoke.

Kuilinda hali hiyo

Chagua wakati mmoja jioni, uleule kila siku, kabla ya chakula ni bora kuliko kabla ya kulala kwa sababu watu bado wana nguvu. Dakika kumi na tano, wote, na muziki kama mnapenda. Agizo la "panga chumba" mtoto halielewi. "Vitabu vyote kwenye rafu" analielewa. Wa miaka miwili anaweza kutupia vichezeo kapuni. Wa sita anakunja taulo, vibaya, na usizikunje upya mbele yake. Wa kumi na zaidi anasimamia kabati lake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa upole.

Mwekee kila mtu kapu dogo sebuleni. Chake kikizagaa kinaingia humo badala ya wewe kukibeba hadi chumbani kwake. Jioni kila mtu anaondoka na kapu lake. Na kwa aina zilizowahi kuwazidi, iwe vikombe au viatu, kipya kikiingia kimoja cha zamani kitoke siku hiyohiyo.

Zitakuja wiki za mtihani, ugonjwa au mtoto mchanga, na ratiba yote itaanguka. Wiki hizo shika matatu tu: sinki liwe tupu usiku, njia za kupita sakafuni ziwe wazi, nguo za kesho ziwepo. Mengine yaache yarundikane kwenye kapu moja kubwa bila kuyachambua. Hali ikitulia, anza na kapu hilo, dakika ishirini kwa siku, kwa namna ileile uliyoichambua droo.